Zilipendwa siyo jina la mtu

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, najua nimeandika ndefu, ukiona imezidi we punguza tu ila ile sehemu ya pazia naomba uniachie.

Mi nina kibanda hapa Ngarenaro, Arusha. Natengeneza redio, spika na hizi sabufa za Kichina, na pembeni nina kompyuta moja ya kujazia watu nyimbo kwenye fleshi na memori kadi. Hiyo ya nyimbo ndo inayolipa umeme na kodi, sidanganyi. Wanapita madereva wa haisi, bodaboda, dada wa saluni, wenye baa, mpaka maemsii wa harusi. Kwenye kompyuta kuna mafolda, Singeli, Bongo Fleva, Gospo, Kwaya, Hip Hop ya Chuga yaani ya hapa Arusha, na folda moja zito kuliko yote nimeliandika ZILIPENDWA kwa herufi kubwa. Humo kuna nyimbo mia nne na kitu. Majina yake sasa: Zilipendwa 1, Zilipendwa 2, Zilipendwa Miksi Kali, Audio 2014, Track 07, Dansi la Wazee, na moja imeandikwa tu "hii".

Miezi michache iliyopita akaja mzee mmoja, mzee wa heshima zake, koti, kofia ya pama, mkononi kashika kale karedio kadogo ka kuchomeka fleshi. Mi nilikuwa chini nahangaika na sabufa, dogo ninayemfundisha kazi ndo alikuwa kwenye kompyuta. Dogo kampa shikamoo, mzee kaitikia marahaba, akasema mjukuu wangu niwekee Kinyonga. Dogo akauliza Kinyonga yupi babu, yule wa Uganda? Mzee akasema hapana, wa Tanga. Dogo katafuta weee, mwisho akamjazia Jose Chameleone nyimbo kumi na mbili, na mzee wa watu akalipa akaenda nazo mpaka nyumbani. Kesho yake asubuhi huyo karudi. Hana hasira wala nini, kaweka redio juu ya meza akasema, "Huyu kijana anaimba vizuri, ila siyo Kinyonga aliyenichezesha mimi."

Nilicheka mpaka bisibisi ikadondoka. Nikainuka nikamwambia mzee ngoja, mi namjua. Kumbe na mimi simjui. Yaani sauti naijua, gitaa nalijua, naweza kukupigia mluzi wimbo mzima kuanzia utangulizi mpaka kwenye chemko, pale mwendo unapokolea, lakini upo wapi kwenye lile folda na unaitwaje, sina hata fununu. Ikabidi tuanze kufungua moja moja, mzee kakalia stuli kaegemeza kichwa ukutani anasikiliza, huyo siye, huyo siye, huyo Mbaraka, huyo Marijani, huyo siye, huyo zima kabisa. Karibu saa nzima. Ndo tukafika kwenye moja gitaa likaanza tu hata mtu hajaimba, mzee akanyoosha kidole. "Huyo."

Faili lilikuwa linaitwa Rumba Kongo 3.

Mhariri, nililala vibaya siku hiyo. Wilson Kinyonga na ndugu yake George ni watu wa Tanga, walianzia Jamhuri Jazz ya hukohuko Tanga mwaka 1966, na mwaka 1970 wakaja hapahapa mjini kwetu, wakawa na ndugu yao mwingine William, wakaunda bendi ikaitwa Arusha Jazz. Arusha Jazz jamani! Jina la mji wetu. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Mombasa na huko ndo wakawa Simba Wanyika, baadae Nairobi, mengine ni historia ambayo Wakenya wanaijua kuliko sisi. Na walikuwa na sababu ya kuvuka, maana enzi hizo huku kwetu bendi ilirekodi Radio Tanzania, mkanda unabaki redioni, ukipigwa umepigwa usipopigwa basi, ukitaka santuri ya kuuza dukani safari ni Nairobi. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na makao yake makuu yalikuwa hapahapa Arusha, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, Namanga hapapitiki mpaka 1983. Miaka yote hiyo jamaa wapo upande wa pili wanatesa. Kwa hiyo mtoto aliyekulia huku miaka hiyo akajua hao ni Wakenya, na mtoto wa mtoto wake anajua ni Wakongo.

George alifariki 1992. Wilson akafuata 1995 na bendi ikafa naye. Sijawahi kusikia mtu hapa Arusha anazitaja hizo tarehe, na mi naishi na redio masaa kumi na nne kwa siku, ndo kazi yangu.

Juzijuzi Jumapili mchana mtangazaji wa kituo kimoja, sikitaji, kapiga Simba Wanyika, ulipoisha akasema Wakongo bana walijua kuimba, haya twende na zilipendwa nyingine. Sasa Kiswahili kimenyooka vile, cha pwani kabisa, Mkongo gani huyo? Au labda ni kubadilishana, maana sisi tulimchukua Remmy Ongala aliyezaliwa Kindu huko Kongo tukamfanya wetu, na tuliona raha mpaka alipofariki 2010, basi tumewarudishia watu wa Tanga kama chenji.

Na hilo neno lenyewe zilipendwa silipendi siku hizi. Zilipendwa na nani? Lini ziliacha kupendwa? Hakuna harusi Arusha wala Moshi inayoisha bila Sina Makosa kupigwa, ule wa Les Wanyika, hao waliojitenga na Simba Wanyika mwishoni mwa 1978. Ukianza tu mashangazi wote wanainuka, viatu pembeni, hata aliyesema mguu unauma. Zinapendwa, tena sana. Tumezitupa wakati uliopita ili tusiulizane za nani. Waulize hao mashangazi Sina Makosa ni ya nani. Ya Omar Shabani, walimwita Profesa, alikuwa anapiga gitaa la ridhimu. Siyo solo, ridhimu, ile inayokata kule nyuma chwaka chwaka chwaka mwanzo mwisho haichoki, mtu haigundui mpaka uizime. Mi kwenye kuchezea ekwalaiza niliwahi kuipunguza nikitafuta sauti ya muimbaji ijitokeze, wimbo mzima ukawa kama nyumba imetolewa kenchi. Profesa alifariki 1998. John Ngereza mwenzake wa gitaa la solo na sauti, 2000. Mi mwenyewe ndo mwenye makosa, nimewauza hao watu miaka kumi na moja kwa jina la Zilipendwa Miksi Kali.

Sasa nije kwangu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa anapiga besi. Gitaa zito walivyokuwa wanaliita wenyewe. Alipigia bendi ya taasisi moja ya umma hapa Arusha, taasisi siitaji na bendi yenyewe ilishakufa zamani. Vijana wa sasa hawaelewi hili, bendi nyingi enzi zile zilikuwa za maofisi na mashirika, NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, kulikuwa na Polisi Jazz, jeshi nao, magereza nao. Mwanamuziki ni muajiriwa. Ana mshahara, kwenye karatasi ameandikwa karani au tarishi, usiku yupo jukwaani. Siyo kwamba ilikuwa mbaya, mtu alikuwa na uhakika wa mwisho wa mwezi, leo hii wangapi wana huo uhakika. Ila vyombo siyo vyako. Gitaa la mjomba nyuma lilikuwa na namba ya ofisi imepigwa kwa rangi nyeupe kama kiti, kama kabati la mafaili. Bendi ilipokufa vyombo vikafungiwa stoo, mjomba akahamishiwa masijala akafunga na kufungua mafaili mpaka anastaafu. Hakuwahi kumiliki gitaa hata siku moja maishani. Miaka kumi na mbili anapiga besi, gitaa lake hakuwa nalo.

Alichoondoka nacho ni waya. Waya mmoja mnene wa besi uliochakaa, walibadilisha mpya ye akauchukua ule wa zamani, na mama mkubwa yaani mkewe akauona unafaa kutundikia pazia la mlango wa chumbani. Upo pale mpaka leo. Ni waya umesokotewa mwingine juu yake, ukiupitishia ukucha unalia krrrr, tulipokuwa wadogo tukienda kwao Kaloleni hiyo ndo ilikuwa raha yetu, mmoja anavuta pazia pembeni mwingine anaupiga dumm. Na mjomba akiwa nje uani anakunywa chai ilikuwa lazima aseme kitu. "Imeshuka hiyo, kaza." Siku zote imeshuka. Sisi tulidhani anatania.

Alivyofariki msiba ulikuwa mkubwa, watu wa kanisani, watu wa ofisini, majirani. Mzee wa kanisa akasoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa kama karani, akahamishiwa masijala, akastaafu kwa heshima, alikuwa mwanajumuiya mwaminifu, ameacha mjane, watoto watano na wajukuu tisa. Basi. Besi haipo. Nilikuwa nimemwambia mama mkubwa usiku wa jana yake kwamba tuweke hata sentensi moja, akaniambia mwanangu usituletee mambo ya dansi mbele ya mchungaji. Na simlaumu hata kidogo, ye ndo aliyekuwa analala peke yake na watoto siku za wikiendi, na enzi hizo mwanamuziki wa dansi kwa watu wa kanisani ni mlevi tu mpaka ithibitike vinginevyo. Kwaya ikaimba. Kijana wao wa besi alikuwa anakosea palepale kila wakirudi kwenye kibwagizo, anachelewa kugeuka, na mi nimekaa kwenye turubai nawaza huyu mtu alivyolala hapo angekuwa mzima angeshainuka. Halafu ndani wamama wanapita na masufuria ya pilau, kila anayeingia chumbani anasukuma pazia, na waya unalia krrr, krrr, mchana kutwa.

Hapohapo naomba niseme, wa kanisani nao hawana tofauti. Nyimbo za kwaya za Moshi na Arusha zinauzika kibandani kwangu kuliko hata Singeli ikifika Krismasi, na mtu akitaka anasema niwekee ile ya kwaya ya usharika fulani. Mwalimu wa kwaya aliyekesha anaitunga hana jina. Tofauti ni kwamba ye wasifu wake utasomwa mzima.

Sasa mtu ataniambia mjomba wako hakuwa maarufu, sawa. Waliokuwa maarufu je? Muhidini Gurumo alikuwepo NUTA Jazz ilipoanza 1964, akawa miongoni mwa walioanzisha bendi ya Mlimani Park 1978, sauti yake imelea nchi nzima. Mwaka 2013 anastaafu muziki hana gari, akapewa gari na Diamond, kijana mdogo, Mungu ambariki kwa hilo. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Ukimtaja leo kwa dogo wa kibandani kwangu anakwambia aah yule mzee wa gari la Diamond. Miaka hamsini ya kuimba imekuwa stori ya gari. Marijani Rajabu, jabali la muziki walivyomuita, alikufa 1995 hana kitu na nyimbo zake zinapigwa redioni kila kukicha.

Kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, inasema kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Nilivyoisikia nikakaa nikapiga hesabu kwenye boksi la sabufa. Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba, ajali ya gari 1965, muda wake umeshaisha toka 2015, hata familia yake ikiamka leo imechelewa. Mbaraka Mwinshehe, ajali Mombasa Januari 1979, unaisha 2029, hapo tu. Marijani 2045. Na hapo hao ndo wenye majina. Maana ili mrithi alipwe lazima kwanza ijulikane wimbo ni wa nani, sasa nyie niambieni, Track 07 utamlipa mirabaha yake wapi, yuko kijiji gani? Najua kuna msomaji anasema huyu naye anajaza watu nyimbo halipi mtu anatufundisha hakimiliki. Ni kweli. Sina jibu. Akija mtu na utaratibu ambao fundi wa kibandani anaweza kuumudu nitalipa, nasema ukweli, ila mpaka leo hajawahi kuja mtu zaidi ya wa ushuru wa soko.

Na msidhani ni wazee tu. Mji wetu unajisifu ni mji wa hip hop, haya, kundi la X Plastaz walitoka wapi? Hapahapa. Walichanganya hip hop na uimbaji wa Kimasai wakati wengine wote wanaiga Marekani, albamu yao Maasai Hip Hop ikatolewa na kampuni ya Ujerumani mwaka 2004, wakazunguka Ulaya. Mmoja wao Faza Nelly akauawa 2006. Dogo wangu ana miaka 19, anavaa kofia ya Chuga, anajua mistari ya machalii wote wa mji huu walio hai, nilimtajia Faza Nelly akaniuliza ni mchungaji? Kwenye folda langu la hip hop nyimbo zao nilikuwa nimeziandika "Mmasai anarap". Mimi huyo, ambaye 2006 nilikuwa mtu mzima na nilisikia taarifa ile kwa masikio yangu.

Ninachotaka siyo sanamu wala barabara ipewe jina, barabara zenyewe za Ngarenaro tunazijua zilivyo. Watangazaji mtaje jina. Wimbo ukianza au ukiisha, aliyeimba nani, na kama unamjua aliyepiga solo mtaje, ni sekunde tatu, mnatumia dakika nzima kutusalimia watu wa Sakina na Kijenge na Majengo Moshi mpaka shemeji zenu wanasalimiwa. Na wewe Mhariri, gazeti lako lina ukurasa mzima wa mikeka ya mpira kila siku, siku ya kufa kwa mtu kama Wilson Kinyonga hakukosekani kanafasi ka sanduku la kiberiti. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kupiga chombo chochote, tumba, tarumbeta, hata kama alikuwa mbeba vyombo wa bendi, muulizeni sasa hivi anaongea, kesho mtaandika karani mstaafu.

Mzee wa pama siku hizi ndo mwalimu wangu. Anakuja Jumanne na Ijumaa saa nne, chai na maandazi juu yangu, anakaa kwenye stuli namfungulia nyimbo, ananiambia jina la bendi, muimbaji, na kama alishawahi kuwaona ukumbini ananiambia na walivyovaa. Asipojua anasema sijui, habahatishi, hilo ndo limenifanya nimuamini. Nabadilisha jina la faili palepale mbele yake. Mpaka Ijumaa iliyopita tumefika faili la 61. Dogo naye ameanza kukaa karibu, anajifanya anachaji simu.

Track 07 bado imetushinda. Mzee anasema sauti siyo ya Morogoro wala Tabora, mengine hasemi. Inaanza na gitaa la besi peke yake, polepole, halafu kabla muimbaji hajaingia kuna mtu kule nyuma anakohoa mara mbili na mwingine anacheka. Anayeifahamu apite kibandani, nyuma ya stendi ya haisi, ulizia kwa fundi sabufa. Au aandike kwa Mhariri.

Fundi Sabufa,
Ngarenaro, Arusha.